Nani Anaketi Darasani

Mwaka 1969 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Elimu iliyozihamishia serikalini shule za madhehebu ya dini zilizokuwa zikiendeshwa kwa ruzuku. Fidia haikutolewa. Rais aliyeitia saini sheria hiyo alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa kila siku alipoweza, aliyefundisha katika shule mbili za mapadre kabla ya kuingia katika siasa, na aliyefahamiana vizuri na maaskofu waliokuwa wakikabidhi funguo. Wapo waumini walioliona tendo lile kama la mwana aliyemnyang'anya mama yake. Mimi naliona kwa namna nyingine. Naamini Julius Nyerere alilitaka Kanisa litende jambo ambalo Kanisa lenyewe lilikuwa limekwisha kuliandika Roma miaka minne kabla. Naamini pia kwamba leo, tukiwa na shule zinazosifiwa nchi nzima, tunaanza kulisahau jambo hilohilo.

Kilichokabidhiwa kilikuwa kikubwa, na kilichukua karne nzima kujengwa. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja wakaanzisha misheni Bagamoyo mwaka 1868. Wanafunzi wao wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa utumwani, wasio na baba wa kuwadai wala ukoo wa kuwatetea. Walifundishwa kusoma, sala, useremala na kilimo, na siku nzima ilipangwa kwa kengele. Maisha yale yalikuwa makali. Baadhi ya vijana waliyachoka wakatoroka, na hatuna sababu ya kuyapamba. Lakini tukumbuke kwamba shule ya Kikatoliki katika pwani yetu ilianza na mtoto ambaye hakuwa na mtu wa kumlipia chochote. Kutoka mazingira hayohayo akatoka Padre Charles Sacleux, aliyekusanya maneno ya Kiswahili na lahaja zake kwa miaka mingi. Kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kuchapishwa mwaka 1939, na mpaka leo anayechunguza lahaja za pwani hawezi kuikwepa.

Bara walikuja wengine. Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, waliingia kupitia Tabora na Ujiji mwishoni mwa miaka ya 1870. Wabenediktini walifika Pugu mwaka 1888. Miezi michache baadaye, Januari 1889, kituo chao kilishambuliwa na kuchomwa wakati wa vita vya Abushiri. Walianza upya, wakajenga Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906. Kuzunguka vituo hivi vikubwa kulikuwa na shule nyingi ndogo za vigango: paa la nyasi, ubao mmoja, na katekista aliyefundisha herufi asubuhi na katekisimu baadaye, mara nyingi katika somo lilelile. Katekista huyo alikuwa mwalimu wa kwanza wa maelfu ya Watanganyika. Historia ya elimu yetu bado haijampa nafasi anayostahili.

Hadi hapo shule ilikuwa kazi ya misheni na kwa ajili ya misheni. Hali ilibadilika miaka ya 1920. Mwaka 1925 serikali ya Uingereza ilitoa sera ya elimu kwa makoloni yake ya Afrika, na kiini chake kilikuwa ushirikiano: misheni iendeshe shule, serikali ikague na itoe ruzuku. Roma ilimtuma Monsinyori Arthur Hinsley, ambaye baadaye alikuwa Kardinali wa Westminster, awazungukie wamisionari wa makoloni ya Kiingereza. Mwaka 1928 alikutana nao Dar es Salaam akawapa agizo lililowashtua baadhi yao. Washirikiane na serikali kwa nguvu zao zote, na pale watakaposhindwa kufanya kazi zote mbili, wakubali jengo la kanisa lisubiri ili shule ikamilike.

Ni vigumu kuutia chumvi uzito wa agizo lile. Tangu hapo mapadre, mabruda na masista wakawa walimu wa taifa ambalo lilikuwa bado halijazaliwa. Zikainuka St Mary's ya Tabora, St Francis ya Pugu, Marian College ya wasichana Morogoro, Ihungo kule Bukoba na nyingine nyingi. Humo wakasomea makarani, wauguzi, walimu, na wengi wa waliokuja kuunda serikali ya kwanza ya Mwafrika.

Lakini ramani ya elimu ikawa ramani ya misheni. Kilimanjaro na Bukoba zilipata shule kwa wingi. Sehemu kubwa ya pwani, Kondoa, na miji ya Waislamu kama Ujiji zilibaki nyuma. Madrasa, ambazo zilikuwa zimewafundisha watu wa pwani kusoma na kuandika karne nyingi kabla ya Bagamoyo, hazikuhesabiwa kuwa shule za kupewa ruzuku. Mzazi Mwislamu aliyetaka mwanawe apate elimu ya kikoloni mara nyingi alikuta shule iliyo karibu ni ya padre, na alijua watoto wa jirani waliingia pale wakiitwa Juma wakatoka wakiitwa Yosefu. Wengi walikataa kuwapeleka, na gharama ya kukataa kwao ililipwa na watoto na wajukuu. Sisi Wakatoliki tunapenda kusimulia mema ya shule za misheni, na mema hayo ni ya kweli. Hata hivyo simulizi isiyomtaja mzazi huyu ni pungufu, na manung'uniko yanayosikika mpaka leo katika mazungumzo ya kisiasa nchini hayataeleweka bila yeye.

Njia ya Nyerere mwenyewe ni ya kuangaliwa kwa makini hapa, kwa sababu wengi hudhani alikuwa zao la shule za misheni. Hakuwa. Alianza Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, katika shule ya serikali ya wenyeji. Akaenda shule ya serikali ya Tabora, kisha Makerere. Mafundisho ya dini aliyatafuta kwa hiari yake, na alibatizwa Desemba 1943 akiwa na umri wa miaka 21, mtu mzima mwenye elimu yake tayari. Hakubatizwa ili apate nafasi darasani. Sidhani ni ajabu kwamba mtu wa namna hiyo, alipopata madaraka, hakuweza kuvumilia mfumo ambao ndani yake imani na nafasi ya shule vilikwenda pamoja.

Mapadre ndio waliomwajiri baadaye. Alifundisha St Mary's Tabora kuanzia 1946, na Padre Richard Walsh aliyeiongoza shule hiyo alimsaidia kupata njia ya kwenda Edinburgh mwaka 1949. Aliporudi alifundisha Pugu, ambako kazi yake ilikuwa Historia, Kiingereza na Kiswahili, huku mwishoni mwa juma akishuka Dar es Salaam kwa shughuli za chama cha TAA na baadaye TANU. Machi 1955, baada ya kurudi kutoka Umoja wa Mataifa, ilibidi achague kati ya ualimu na siasa. Aliacha kazi. Jina la Mwalimu hakuliacha.

Sasa twende Roma kidogo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa tamko lake kuhusu elimu ya Kikristo, Gravissimum Educationis, tarehe 28 Oktoba 1965. Watu hulinukuu tamko hili nusunusu, kila mmoja kwa faida yake. Wanaotetea shule za Kanisa hutaja sehemu isemayo kuwa wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto, na kwamba dola isishike elimu yote peke yake. Ni kweli, imo. Kwa kipimo hicho sheria ya 1969 iligongana na mafundisho ya Mtaguso, na maaskofu walikuwa na haki ya kulisema hilo. Lakini tamko hilohilo linawaagiza wachungaji kwamba shule za Kanisa ziwatazame kwanza maskini, watoto waliokosa malezi na msaada wa familia, na wale ambao hawana imani ya Kikristo. Wasomaji wengi hufumba macho wanapofika aya hiyo. Mtaguso unadai mambo mawili kwa pamoja: uhuru wa kuendesha shule, na utaratibu wa nani aanze kuhudumiwa humo. Anayedai la kwanza na kulinyamazia la pili hajawa mwaminifu kwa Mtaguso.

Miaka iliyofuata mambo yalikwenda mbio. Februari 1967 lilitoka Azimio la Arusha, Machi ikafuata sera ya Elimu ya Kujitegemea. Mwishoni mwa Machi hiyohiyo Papa Paulo wa Sita akatoa waraka wake Populorum Progressio juu ya maendeleo ya mataifa, akieleza kuwa mali binafsi si haki isiyo na mipaka. Kati ya Nyerere na Papa hakuna aliyemwiga mwenzake, bila shaka. Wote wawili walikuwa wakiuangalia umaskini uleule. Mwaka 1968 maaskofu wa Tanzania walitoa waraka wa kichungaji kuhusu Kanisa na jamii inayoendelea, wakaipokea kwa moyo roho ya Azimio. Katikati ya 1969 Paulo wa Sita alifika Kampala, Papa wa kwanza wa nyakati zetu kuikanyaga Afrika, akawahimiza Waafrika wawe na Ukristo wenye sura ya Kiafrika. Mwaka huohuo shule zikachukuliwa.

Na mwaka huohuo Christopher Mwoleka akawa Askofu wa Rulenge, kule magharibi mpakani. Mtu huyu ananivutia kuliko wote katika habari hii. Wakati wengine walijadili Ujamaa katika semina, yeye alikwenda kuishi Nyabihanga, kijiji cha ujamaa, akilima na wanakijiji. Hoja yake ilitoka katikati kabisa ya imani. Utatu Mtakatifu, alifundisha, hatukupewa kama fumbo la kuchosha akili. Tulipewa kama namna ya kuishi, Nafsi tatu zinazoshirikishana kila kitu, na binadamu ameitwa aige. Kwa Mwoleka, kijiji kinachogawana mavuno kilikuwa karibu zaidi na Mungu kuliko parokia tajiri inayohesabu sadaka. Unaweza kusema alikosea kuuamini mno mpango wa serikali. Vijiji vingi baadaye viliundwa kwa amri na kwa kubomolewa nyumba, si kwa upendo wa Utatu, na mashamba yalidhoofu. Bado, katika maaskofu wa Kiafrika wa kizazi chake, ni vigumu kumpata aliyeunganisha teolojia na jembe kwa ukaribu kama ule. Jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, walizipa kipaumbele katika mikutano ya 1973 na 1976 na ambazo leo kila Mkatoliki wa Tanzania anazijua kwa jina la mtakatifu wa mtaani kwake, zina damu ya fikra za namna hiyo.

Makabidhiano yenyewe yalikuwa ya utulivu kuliko inavyodhaniwa. St Mary's Tabora ikawa Milambo. Marian College ikawa Kilakala. St Francis ikabaki na jina la mahali, Pugu. Mapadre na masista wengi waliendelea kufundisha palepale, sasa wakiwa watumishi wa serikali. Nyumba za watawa zilibaki za watawa. Vipindi vya dini viliwekwa kwenye ratiba, na hiyo ndiyo sababu mpaka leo katika shule za serikali katekista, mchungaji na ustadhi huingia kwa saa moja, wanafunzi wakagawanyika vyumbani kwa imani zao, kisha wakarudi pamoja kwenye hesabu. Tumelizoea jambo hili kiasi kwamba hatulioni. Katika nchi nyingi lingekuwa chanzo cha kesi mahakamani.

Oktoba 1970 Nyerere alialikwa New York kuzungumza na masista wa Maryknoll, shirika ambalo lilikuwa likifanya kazi nyumbani kwake Musoma. Ilikuwa hotuba ngumu kwa wasikilizaji wa aina ile. Aliwaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki kupinga miundo inayowafanya watu kuwa maskini, watu wataliona kuwa upande wa wanaowakandamiza, na kazi zake za huruma, shule na hospitali zikiwemo, hazitaliokoa. Inaonyesha namna alivyofikiri mtu ambaye ndiyo kwanza ametoka kuzichukua shule za Kanisa: hakuchukia shule hizo. Aliogopa Kanisa litulie ndani yake likajiona limemaliza kazi.

Hasara ilikuwepo, na isifichwe. Shule nyingi zilizochukuliwa zilidhoofu kadiri taifa lilivyozidiwa na ukubwa wa lengo lake. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, watoto karibu wote waliingizwa shule ya msingi kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lilikuwa tendo kubwa la haki. Hata hivyo nafasi za sekondari zilibaki chache mno, walimu walioandaliwa haraka walipelekwa madarasani wakiwa na vitabu vichache, na uchumi ulipoanguka, mabweni yakaanza kuvuja. Dola peke yake haikutosha. Mtaguso ulikuwa umeonya juu ya hilo.

Ukitaka kuupima uamuzi wa Tanzania, angalia majirani. Kenya, kwa sheria yake ya elimu ya 1968, ilizichukua shule lakini ikayaachia makanisa cheo cha mdhamini, chenye sauti katika maadili na malezi ya dini. Mpaka leo maaskofu wa Kenya na wizara huvutana juu ya uteuzi wa walimu wakuu. Zaire, yaani Congo ya leo, chini ya Mobutu ilitaifisha shule zote mwishoni mwa 1974, ikafuta somo la dini na kuweka mafundisho ya chama. Haikupita miaka mingi serikali ikashindwa kuziendesha, na mwaka 1977 ikazirudisha kwa mkataba. Ndiyo maana Lubumbashi na Bukavu mzazi bado husema mtoto anasoma shule ya mkataba ya Kikatoliki. Lakini dola ile ilipoacha kuwalipa walimu miaka ya 1990, mzigo wa mshahara uliangukia wazazi, maaskofu wakiukubali mpango huo kwa shingo upande ili shule zisifungwe. Watoto wa familia zisizo na kitu walirudishwa nyumbani kwa miaka mingi, hadi serikali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo mwaka 2019. Kanisa la Congo lilibaki na shule zake. Wengi wa maskini wake walibaki nje ya lango.

Rwanda ina somo zito zaidi. Mabruda wa Upendo walifungua shule yao Astrida, ambayo leo ni Huye, mwaka 1929, na kwa miaka mingi waliokaa katika madarasa yake walikuwa hasa wana wa machifu wa Kitutsi. Ilikuwa shule bora. Ilifundisha vizuri. Na kwa kuchagua nani aketi humo ilisaidia kuuchimba mtaro kati ya watu wa lugha moja na sala moja. Siwezi kusema shule iliyaleta maafa ya 1994. Sababu zake ni nyingi na za kutisha. Nasema tu kwamba Kanisa lililokuwa limekabidhiwa karibu elimu yote ya nchi halikuweza kudai kuwa halikuhusika na jinsi watu walivyofundishwa kutazamana.

Nikiyaweka haya pamoja, naona nani anamiliki shule ni swali la pili. La kwanza ni lile lililo juu ya sura hii.

Turudi nyumbani. Sheria ya 1969 iliacha kitu kimoja mikononi mwa Kanisa: seminari ndogo, kwa sababu zilikuwa za kuandaa mapadre. Vijana waliendelea kwenda Kaengesa, Likonde, Maua, Soni, Katoke, Itaga, Rubya. Wachache kati yao walifika altareni. Waliobaki walirudi uraiani na nidhamu ya kusoma kwa saa maalumu, Kilatini kidogo, na desturi ya kufanya kazi za mikono bila kuona haya. Mizengo Pinda alipita Kaengesa kabla ya kuwa Waziri Mkuu. John Magufuli alipita Katoke. Benjamin Mkapa, wa kabla yao, alisoma Ndanda, Kigonsera na Pugu kabla ya sheria ile. Kwa hiyo hata katika miaka ambayo Kanisa halikuwa na shule, malezi yake yaliendelea kuingia katika maisha ya umma kwa mlango wa seminari.

Kisha upepo ukageuka. Hospitali ya Bugando, iliyochukuliwa mwaka 1972, ilirudishwa kwa maaskofu mwaka 1985. Februari 1992 serikali ilitia saini makubaliano na Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo Tanzania, ikiahidi kushirikiana na makanisa katika elimu na afya, na hapo ndipo ikazaliwa CSSC, tume ya makanisa ya huduma za jamii. Rais wakati huo alikuwa Ali Hassan Mwinyi, Mwislamu. Baadhi ya viongozi wa Kiislamu wameyalalamikia makubaliano hayo tangu hapo, wakiona kwamba ruzuku ya kikoloni imerudi kwa jina jipya. Lalamiko hilo linastahili jibu la heshima, na jibu la heshima haliwezi kutolewa kwa karatasi ya kisheria peke yake. Linatolewa kwenye hospitali na darasa, pale mgonjwa na mwanafunzi wa imani yoyote anapopokewa bila kuulizwa alisali wapi.

Kuanzia miaka ya 1990 majimbo na mashirika ya kitawa yalijenga tena. Nyegezi, iliyoanza mwaka 1960 kama chuo cha mafunzo ya jamii, ikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998. Sekondari za masista zikaota kila mkoa. Matokeo ya kidato cha nne yakageuka kuwa tangazo la Kanisa: mara kadhaa St Francis ya wasichana Mbeya imekuwa kileleni, na seminari nyingi zimefuatia. Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule kumi bora, Januari 2023, wazazi wengi walisikitika kana kwamba wamenyimwa haki. Nadhani Baraza lilifanya vizuri.

Ufaulu huu si wa bure. Shule ya bweni ya Kikatoliki yenye jina huchuja watoto kwa mtihani wa kuingia, kisha huchuja wazazi kwa ada ya mamilioni ya shilingi kwa mwaka, na wakati mwingine humchuja tena mtoto anayeshuka wastani kabla hajafika darasa la mtihani, ili asiharibu takwimu. Natoa sifa kwa masista wanaoamka saa kumi usiku kuwaandaa watoto wa watu, na najua ada hizo hulipa walimu, chakula, maji na umeme ambavyo hakuna mfadhili wa Ulaya anayevilipia tena. Lakini mvuvi wa Ukerewe na mkulima wa mihogo wa Rufiji hawamo katika hesabu hiyo. Mtoto wao yuko shule ya kata, ambayo tangu 2016 haitozi ada hadi kidato cha nne, na ambako darasa limejaa hadi mlangoni. Yaani yule mtoto ambaye shule ya Bagamoyo ilianza naye, asiye na mtu wa kumlipia, ndiye asiyeweza kuingia shule yetu leo. Na mzazi Mwislamu aliyeogopa ubatizo zamani, leo anazuiwa na risiti ya benki, kama mwenzake Mkatoliki wa kigango cha mbali.

Haya nayasema kwa sababu Kanisa letu limejipa sauti kubwa katika maisha ya umma, na ni vizuri limejipa. Ujumbe wa Kwaresima wa maaskofu wa 2018 ulisema juu ya kufinywa kwa siasa za ushindani wakati ambapo wengi walinyamaza. Agosti 2023 walitoa tamko kuhusu mkataba wa bandari, wakisema mali ya taifa haiwezi kuamuliwa bila kuwasikiliza wananchi. Walipigwa vijembe na wanasiasa, na walisimama. Mtu anayezungumza hivyo juu ya mali ya umma lazima akubali kuulizwa juu ya shule zake mwenyewe, ambazo zimejengwa kwa sadaka za wajane na nguvu kazi za jumuiya, katika viwanja ambavyo vingi vilitolewa na wanakijiji.

Najua hoja itakayoletwa: tukipunguza ada, ubora utaanguka, na shule zitafungwa. Shule ya bweni yenye kila kitu haiwezi kuwa nafuu, hilo nakubali. Lakini nani alisema shule ya Kikatoliki lazima iwe ya bweni? Shule za kutwa za parokia, zenye masista wawili au watatu na walimu wa mtaani, hugharimu sehemu ndogo tu, nazo ndizo zilizo karibu na mtoto wa mama ntilie. Wala si lazima iwe shule yetu. Vipindi vya dini katika shule za kata vinawasubiri walimu. Parokia nyingi humtuma katekista mzee mmoja kwa mamia ya wanafunzi, bila posho ya maana, huku vijana wenye shahada kutoka vyuo vyetu wakikaa nyumbani. Kama tunaamini kile tulichokiandika mwaka 1965, basi darasa la serikali lililojaa kupita kiasi ni eneo la Kanisa sawasawa na bweni lenye marumaru.

Kazi inaweza kuanza kwa kuhesabu. Kila shule ya jimbo iandike katika taarifa yake ya mwaka, kando ya wastani wa ufaulu, ni wanafunzi wangapi wanasoma bila kulipa au kwa nusu ada, wangapi ni yatima, wangapi si Wakristo, na wangapi walirudishwa nyumbani katikati ya muhula kwa deni au kwa alama. Taarifa hiyo isomwe Jumapili katika parokia zilizochangia ujenzi, baada ya matangazo ya ndoa, kwa sauti ileile ya kusomea mapato ya mavuno. Kisha ipelekwe kwenye jumuiya, ambako wanajumuiya wamezoea kuulizana hata habari za michango ya misiba, na mwenyekiti awape nafasi ya kumuuliza mwalimu mkuu maswali.